Mturituri: Mmea wa Mwitu Upandao Uani

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyokusudiwa wazazi, walimu na vijana wapendao kuijua mimea imeayo karibu nao.



Kila mtu akaaye shamba, na hata wengi wakaao mjini, hupita kila siku karibu na mimea asiyoijua majina yake. Mwembe hujulikana kwa sababu huzaa matunda, na mpapai vivyo hivyo. Lakini mmea utambaao juu ya ua wa nyumba, usiopandwa wala kupaliliwa na mtu, huitwa majani tu, na habari yake huishia hapo. Mazungumzo haya ni juu ya mmoja wa mimea hiyo, nao ni mturituri. Watu wengi huzijua mbegu zake kuliko wanavyoujua mmea wenyewe. Mbegu hizo huitwa macho ya tipitipi, kwa kuwa ni nyekundu kama macho ya ndege yule aliaye vichakani.

Mmea huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, si shida kuupata. Humea wenyewe vichakani, kandokando ya misitu, katika mashamba yaliyoachwa na juu ya nyua za nyumba, tangu pwani hata sehemu za bara zisizo na baridi kali. Sababu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Mbegu zake zapendeza mno machoni, tena zina sumu kali, na mara nyingi mtu wa kwanza kuziona ni mtoto. Mzazi asiyeujua mturituri hawezi kumwonya mtoto wake, maana hawezi kumkataza kitu asichokijua yeye mwenyewe.

JINSI MMEA UPANDAVYO

Mtu atakaye kuutambua mmea upandao juu ya mingine yafaa aanze kwa kuuliza neno moja: Je, wapanda kwa njia gani? Mimea hii haina desturi moja. Mmung'unye na mkarakara ina vikono vyembamba ambavyo hujikunja na kushika kila kitu kilicho karibu. Mkomwe wa pwani, ambao komwe zake huchezewa bao, hujishikiza kwa miiba yake. Mingine hutoa mizizi midogo katika shina na kugandamana na ukuta au gogo. Mturituri hauna vikono, hauna miiba, wala hauna mizizi ya kugandamana. Wapanda kwa kulizungusha shina lake lenyewe juu ya tawi la mmea mwingine, kama kamba isokotwavyo.

Bwana Charles Darwin, mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, alitoa maandiko yake juu ya mimea ya namna hii katika mwaka wa 1865. Sehemu ya kazi hiyo aliifanya alipokuwa mgonjwa, hawezi kutoka chumbani, akawa akiutazama mmea uliopandwa katika chungu. Aliona ya kwamba ncha changa ya shina haikutulia, bali ilizunguka hewani polepole, kama mkono wa kipofu autafutao mlango. Katika mmea uitwao hopsi, wakati wa joto, kila mzunguko ulichukua kwa wastani muda wa saa 2 na dakika 8. Kazi hiyo haikuhitaji chombo cha thamani. Ilihitaji macho, saa na saburi.

Mwanafunzi yeyote aweza kufanya vivyo hivyo. Achague ncha moja changa ya mturituri, asimike kijiti kando yake, atie alama mahali ncha ilipo, kisha arudi kila nusu saa mpaka jioni. Aandike pia kama shina lajizungusha kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa au kinyume chake. Habari hiyo moja, ikiandikwa kwa uaminifu, ina faida kuliko hadithi kumi za kusikia.

MAJANI NA HADITHI YAKE

Jani la mturituri ni kijiti kimoja chembamba chenye majani madogo pande zote mbili, yaliyopangwa mawili mawili kama mbavu za samaki. Mara nyingi jozi zake hupata 8 au zaidi, na kila jani dogo ni fupi, lina umbo la yai lililorefuka. Alama ya kukumbuka ni hii: mwishoni mwa kijiti hakuna jani moja lililobaki peke yake. Yahesabiwe yote, na kila moja litaonekana lina mwenziwe. Usiku majani hayo huinama na kujikunja kama yaliyolala, na asubuhi hufunguka tena.

Mwendo huo wa majani uliwahi kuleta maneno mengi Ulaya. Karibu na mwisho wa karne ya 19, mtu mmoja wa Austria aitwaye Nowack alidai ya kwamba mturituri hutabiri hali ya hewa. Jani likiinama hivi, kutakuwa na mvua; likisimama vile, kutakuwa na jua; tena alisema kwamba mmea huo huweza kutabiri hata matetemeko ya ardhi. Wataalamu wa bustani ya Kew, karibu na London, hawakumcheka wala hawakumsadiki upesi. Waliitazama mimea yake siku baada ya siku, wakaandika kila badiliko, na taarifa yao ikatolewa katika mwaka wa 1890. Waliona ya kuwa majani yalifuata mambo ya wakati ule ule, kama vile mwanga, wala hayakuwa na habari ya kesho. Hivyo ndivyo ipasavyo kufanya na kila jambo lisemwalo juu ya mmea: lisikatwe kabla ya kupimwa, wala lisiaminiwe kabla ya kupimwa.

MAUA, MAGANDA NA MBEGU

Maua ya mturituri ni madogo, nayo husongamana juu ya kijiti kinene. Rangi yake ni ya waridi iliyofifia au ya zambarau nyepesi, na pengine hukaribia weupe. Umbo lake ni lile la ua la kunde, kwa kuwa mturituri ni wa jamii moja na kunde, maharagwe na mbaazi. Lakini mtu akilifungua ua kwa sindano, na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, ataona tofauti moja. Ndani ya ua la kunde kuna nyuzi 10 zenye unga wa uzazi. Ndani ya ua la mturituri kuna nyuzi 9 tu. Tena undugu huo wa kunde na mturituri ni undugu wa umbo la ua. Si undugu wa chungu, na mtu asidhani ya kuwa kila kilicho cha jamii ya maharagwe hufaa kupikwa.

Baada ya maua huja maganda. Ni mafupi, kadiri ya kidole kidogo au pungufu, na huwa katika vishada. Mturituri wa Afrika una maganda yenye vipele vipele juu yake, ambapo ule wa nchi za Asia una maganda laini zaidi. Tofauti hiyo haikupita bure. Bwana Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi kabla ya kuhamia Kew, aliuandika mturituri wa Afrika katika mwaka wa 1970 kuwa aina ndogo iliyo mbali ndani ya ile aina kubwa, akaipa jina la africanus.

Maganda yakikauka hupasuka na kujipinda, lakini mbegu hazianguki mara moja. Hubaki zimeshikamana na ganda lililo wazi, zikionekana kutoka mbali. Kila mbegu ni ndogo kuliko punje ya mbaazi, ngumu, yenye kung'aa. Sehemu kubwa ni nyekundu, na upande mmoja, pale iliposhikamana na ganda, ni mweusi. Wakati huo ndio wakati wa hatari, kwa kuwa mmea ambao haukutazamwa na mtu mwaka mzima huwa ghafula umevaa shanga.

MIMEA IFANANAYO NAO

Kosa la watu wengi ni kuutambua mmea kwa sehemu moja tu. Wenye kuona mbegu nyekundu zenye doa jeusi husema mara moja kuwa ni mturituri. Lakini uko mti ambao Wakikuyu huuita muhuti, nao pia huzaa mbegu nyekundu zenye doa. Muhuti ni mti wenye gome nene na miiba, maua yake ni mekundu kama moto, na mbegu zake ni kubwa kuliko za mturituri. Atazamaye mbegu peke yake aweza kukosea. Atazamaye shina, jani na ua hatakosea.

Wengine huuogopa kila mmea upandao wenye maganda, wakidhani ni upupu. Upupu nao ni wa jamii ya kunde, lakini majani yake ni mapana, nayo hukaa matatu matatu. Maganda yake yamefunikwa na manyoya ambayo yakigusa ngozi huwasha vibaya sana. Upupu humwonya mtu kwa kumwasha mara agusapo. Mturituri haumwonyi mtu. Waweza kushikwa, na mbegu zake zaweza kubebwa mfukoni, pasipo maumivu yoyote. Kwa hiyo watu hudhani ya kuwa ni kitu cha mchezo.

UZURI WA MBEGU NA SUMU YAKE

Watu wa nchi nyingi wamezitumia mbegu hizi kwa mapambo. Jina la kitaalamu la mmea huu ni Abrus precatorius, na neno la pili latokana na neno la Kilatini la kuomba, kwa sababu mbegu zilitungwa uzi zikawa tasbihi. Katika Bara Hindi wasonara walizitumia kupimia dhahabu, na kipimo hicho, kiitwacho rati, ni karibu gramu 0.12. Watu husema kwamba mbegu zote zina uzito mmoja. Akiziweka mtu juu ya mizani ndogo ataona ya kuwa hazilingani kabisa.

Sumu iliyo ndani yake huitwa abrini. Ni ndugu ya sumu iliyo katika mbegu za mbarika. Kazi yake ni kuuzuia mwili usiweze kujitengenezea protini, yaani vile vitu ambavyo kila sehemu ya mwili huhitaji ili iendelee kuishi. Mnamo mwaka wa 1891, daktari Paul Ehrlich wa Ujerumani aliitumia sumu hii pamoja na ile ya mbarika katika majaribio ya panya, akajifunza namna mwili unavyoweza kujijengea kinga. Majaribio hayo yaliwafaa sana waganga wa baadaye, lakini asiwepo mtu wa kudhani ya kuwa aweza kujizoeza sumu hii nyumbani.

Hapa pana jambo ambalo limewapoteza wengi. Mbegu ya mturituri ina ganda gumu sana. Mtoto akiimeza nzima, mara nyingi hupita tumboni na kutoka pasipo kudhuru. Mwenye kuyaona hayo mara moja husema, "Mbegu hizi hazina neno, fulani alizimeza na yu mzima." Lakini ikitafunwa, au ikitobolewa, au ikipondwa, ile sumu hupata njia. Hata mbegu moja iliyotafunwa yaweza kuhatarisha maisha ya mtoto. Ndiyo sababu mbegu zilizotobolewa ili zitiwe uzi ni za kuogopwa kuliko zile zilizo nzima, na mtu azitoboaye aweza kujichoma kidole kwa sindano ile ile. Katika mwaka wa 2011, huko Cornwall katika Uingereza, mahali paitwapo Eden Project paliwaomba watu warudishe bangili zilizouzwa pale, kwa kuwa zilikuwa zimetengenezwa kwa mbegu hizi. Ikiwa watu wa bustani kubwa ya mimea waliweza kuuza kitu hiki pasipo kuitambua hatari yake, si ajabu mama nyumbani asiitambue.

Tena sumu hii haina haraka. Mtoto aweza kucheza na kula kama kawaida kwa saa nyingi, na pengine siku nzima au zaidi, kabla ya kuonyesha dalili. Kisha huja kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara, pengine kuhara damu, na mwili kukaukiwa maji. Hakuna dawa ya kuivunja sumu yenyewe. Kazi ya daktari ni kuutunza mwili, kuurudishia maji na kuulinda mpaka ushinde. Basi kila saa ina thamani. Mtoto akionekana ametafuna mbegu hizi, atolewe vipande vilivyobaki kinywani, asuuzwe kinywa, apelekwe hospitali mara moja hata kama haonyeshi ugonjwa wowote. Asilazimishwe kutapika, wala asipewe dawa za kubahatisha. Ampelekaye achukue pia ganda, mbegu au tawi la mmea wenyewe, ili daktari ajue ni sumu gani. Hapo ndipo elimu ya kuutambua mmea ionekanapo faida yake: mzazi awezaye kusema "ni mturituri, na hili ndilo tawi lake" amemwokolea daktari muda mwingi.

MAJANI YATUMIKAYO KWA DAWA

Wazee wengi katika Afrika ya Mashariki hutafuna majani ya mturituri kwa ajili ya kikohozi, na ni kweli ya kuwa yana utamu. Wataalamu wameuchunguza utamu huo na kuona unatoka katika vitu vilivyomo katika majani yenyewe. Lakini utamu si hakikisho la usalama. Sumu iliyo nyingi katika mbegu yaweza kuwamo kidogo katika sehemu nyingine za mmea, na mtoto aonaye babu yake akitafuna jani hawezi kujua kwa nini yeye akatazwe mbegu. Mzee atumiaye majani hayo afanye mbali na macho ya watoto, na kikohozi kisichopona kipelekwe hospitali. Vile vile mbegu zisitiwe machoni kwa njia yoyote. Katika mwaka wa 1882 daktari mmoja mashuhuri wa Paris, Louis de Wecker, alieneza matibabu ya macho kwa maji ya mbegu hizi. Matibabu hayo yaliwasha macho vikali, hata yakaachwa.

KULIANDIKA JINA SAWASAWA

Jina la kienyeji ni mwanzo mzuri, lakini halitoshi peke yake. Mmea mmoja huwa na majina mengi, na jina moja huweza kuitiwa mimea miwili. Bwana P. J. Greenway, aliyefanya kazi Amani katika Tanganyika, aliijua shida hiyo, akakusanya kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili pamoja na majina yake ya kitaalamu. Toleo lake la pili lilitoka katika mwaka wa 1940. Katika mwaka wa 1950 hazina ya mimea mikavu ya Amani ilihamishiwa Nairobi, na sasa imo katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilianza kutolewa sehemu kwa sehemu katika mwaka wa 1952, kikamalizika katika mwaka wa 2012, nacho chaeleza aina zaidi ya 12,000. Kazi hiyo yote ilisimama juu ya matawi yaliyokaushwa na karatasi zilizoandikwa vizuri.

Mwalimu atakaye kuanza hazina ndogo shuleni hahitaji fedha. Akate tawi lenye majani na maua, au majani na maganda, alilaze katikati ya magazeti makuukuu, aweke mbao mbili na mawe juu yake, na kubadili magazeti kila siku mpaka likauke. Kisha aandike mahali lilipokatwa, tarehe, namna mmea ulivyopanda, rangi ya ua likiwa bichi, jina uitwalo na watu wa hapo, na matumizi yake. Rangi hupotea katika kukauka, maandishi hayapotei. Matawi yenye mbegu yashughulikiwe na mwalimu mwenyewe, nayo yafungiwe kabatini.

UNG'OLEWE AU UACHWE?

Baadhi ya watu wakisikia haya yote watataka kuung'oa kila mturituri ulioko nchini. Hilo haliwezekani, wala halina haja. Ulioko msituni una kazi yake, na ndege hujua namna ya kuishi nao. Lakini uliopanda juu ya ua wa nyumba, au karibu na shule, au kisimani wachotapo maji watoto, hapana budi uondolewe, tena kabla maganda hayajapasuka. Shina ling'olewe pamoja na mzizi, na mbegu zote zilizoanguka ziokotwe na mtu mzima na kutupwa ndani ya choo cha shimo. Mahali hapo patazamwe tena baada ya mvua, kwa sababu mbegu ngumu huweza kulala udongoni muda mrefu kabla ya kuota.

Wala kuung'oa hakutoshi pasipo kufundisha. Mtoto aliyeondolewa mturituri wa nyumbani atakutana na mwingine njiani aendapo kuchunga mbuzi. Basi mzazi ampeleke mtoto wake mpaka mahali mmea ulipo, amwonyeshe shina lijizungushalo, majani yaendayo mawili mawili, ganda lenye vipele na mbegu yenye rangi mbili, amtajie jina lake, kisha amwambie wazi: hii hutazamwa, haitiwi kinywani. Mtoto aliyefundishwa hivyo ataweza kuwaonya wenziwe siku ambayo hakuna mtu mzima karibu nao.